LNB moja, ving'amuzi viwili: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja Tanga

Mazingira

Nyumba iko upande wa bahari wa Jiji la Tanga: nyumba kubwa mbele, banda la vyumba vya kupangisha uani. Mtaa na majina ya wahusika yameondolewa.

Ukutani kulikuwa na dishi la ofseti la sentimita 90 lililoelekezwa kwenye setelaiti iliyo digrii 7 Mashariki, bendi ya Ku (masafa ya GHz 10.7 hadi 12.75). Mbele yake palikuwa na LNB, yaani kichwa kinachopokea mawimbi ya dishi na kuyashusha masafa, ya aina ya yunivaso yenye mdomo mmoja (tundu moja la waya), waya wa RG6 wa mita 18 hadi sebuleni, na king'amuzi kimoja cha kulipia. Ubora wa mawimbi kwenye menyu ulikuwa asilimia 76 anga ikiwa safi, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika.

Mambo yalianza pale mpangaji wa uani aliponunua king'amuzi chake na kuomba aunganishwe kwenye dishi hilohilo. Ombi halina tatizo. Dishi la sentimita 90 linaweza kulisha ving'amuzi vingi kwa wakati mmoja. Kinachoweka kikomo ni LNB iliyofungwa mbele yake na namna ilivyounganishwa.

Jaribio la kwanza: splita

Fundi aliyeitwa mwanzo alikata waya chini ya dishi, akaweka splita (kigawa mawimbi) ya njia mbili, akavuta mita 35 za waya mpya hadi uani. Alipojaribu, chumba kimoja kikiwa kimewashwa, picha ilikuja safi. Akalipwa, akaondoka.

Jioni ileile ugomvi ukaanza. Mpangaji akiwa kwenye taarifa ya habari, sebuleni wakibadili chaneli, picha ya mpangaji inakatika. Wakirudi walikotoka, inarejea. Kila upande ukadhani mwenzake anachezea waya.

Aliyejua LNB asingeshangaa. King'amuzi hakipokei tu kutoka kwenye LNB, kinaiamuru pia, na amri hupita kwenye waya uleule wa mawimbi. Volti 13 maana yake "nipe mawimbi ya wima", volti 18 maana yake "nipe ya mlalo". Toni ya kHz 22 ikiongezwa juu ya volti, LNB ya yunivaso huhamia bendi ya juu, yaani kuanzia MHz 11,700 hadi 12,750. Toni isipokuwepo hubaki bendi ya chini, MHz 10,700 hadi 11,700. Kwa hiyo kuna mafungu manne ya chaneli, na LNB ya mdomo mmoja hutoa fungu moja tu kwa wakati mmoja.

Splita inayopitisha umeme pande zote mbili huacha volti kubwa ishinde. Sebuleni wakichagua chaneli ya mlalo, volti 18 zinafika kwenye LNB na mpangaji aliyekuwa kwenye wima anabaki mikono mitupu. Splita inayopitisha umeme upande mmoja tu haisaidii zaidi: upande wa pili unabaki mtumwa wa chaguo la upande wa kwanza. Njia hii inafaa pale tu ambapo chaneli zote zinazotakiwa ziko kwenye fungu moja, jambo ambalo ni la nadra.

Splita yenyewe ilikuwa na kasoro nyingine. Ubavuni iliandikwa 5–900 MHz, yaani ilitengenezwa kwa antena za kawaida. Mawimbi yanayotoka kwenye LNB kwenda kwenye king'amuzi huwa kati ya MHz 950 na 2,150, nje kabisa ya masafa yake. Kwamba picha ilitoka ni bahati ya dishi kubwa.

Jaribio la pili: LNB ya midomo miwili isiyo yenyewe

Mwenye nyumba alikwenda dukani mwenyewe na kuomba "LNB ya watu wawili". Akapewa moja yenye midomo miwili, boksi limeandikwa 0.1 dB, HD na 4K kwa herufi kubwa. Fundi yuleyule wa kwanza akaifunga mahali pa ile ya zamani. Kwenye menyu zote mbili nguvu ya mawimbi ikasoma asilimia 80 na kitu, ubora ukasoma sifuri.

"Mama, dishi limesogea," fundi akasema, akalegeza bolti. Akalizungusha kushoto, kulia, juu, chini, mpaka jua likazama. Sasa kulikuwa na matatizo mawili: LNB isiyofaa, na dishi lililopoteza mwelekeo wake.

Jibu lilikuwa kwenye kibandiko kidogo mgongoni mwa LNB: L.O. 10.75 GHz. Hiyo ni osileta ya ndani, namba ambayo LNB huitoa kwenye masafa ya setelaiti ili kupata masafa madogo yanayoweza kupita kwenye waya. LNB ya yunivaso ina mbili: 9.75 kwa bendi ya chini na 10.6 kwa bendi ya juu. Hesabu yake ni ya kutoa tu:

Chaneli ya MHz 11,000 kwenye yunivaso: 11,000 − 9,750 = 1,250. Iko ndani ya 950–2,150, king'amuzi kinaipata.

Chaneli hiyohiyo kwenye LNB ya 10.75: 11,000 − 10,750 = 250. Iko nje, haipatikani hata dishi liwe la futi kumi.

Chaneli ya MHz 12,500 kwenye yunivaso: 12,500 − 10,600 = 1,900. Kwenye LNB ya 10.75 hutoka kwenye 1,750, lakini king'amuzi kilichopangwa kwa yunivaso kinakwenda kuitafuta kwenye 1,900 na hakiikuti.

Risiva ya chaneli za bure hukuruhusu kubadili namba ya L.O. kwenye menyu, na kwa LNB hii ungeokoa bendi ya juu. Ving'amuzi vya kulipia mara nyingi vimefungiwa mpangilio wa kampuni, kwa hiyo mlango huo haupo.

Dalili ya nguvu kubwa na ubora sifuri inafaa kukaririwa. Nguvu huonyesha kwamba LNB ina umeme na inatoa kitu chochote, hata kelele tupu. Ubora ndio unaothibitisha kuwa king'amuzi kimeyatambua mawimbi kinayoyatafuta. Ikiwa umebadilisha LNB pekee na hali hii ikajitokeza, usiguse bolti za dishi. Rudisha LNB ya zamani kwanza. Ikifanya kazi, dishi halina kosa.

Uamuzi: LNB ipi, na kwa nini

Fundi wa pili alianza kwa kurudisha LNB ya zamani na kulielekeza upya dishi kwa mita ya mawimbi. Tanga iko karibu na digrii 5 Kusini na 39 Mashariki, kwa hiyo digrii 7 Mashariki inakuwa upande wa magharibi, dira ikisoma takribani 278, na mwinuko wa digrii 52 kutoka upeo wa macho. Ubora uliporudi 76, alichora mstari wa maka peni kuanzia kwenye bomba hadi kwenye mkono wa dishi. Kazi ya sekunde tano, ambayo ingemwokoa mwenzake nusu siku.

Kisha likaja swali la nini kinunuliwe. Aliandika mahitaji kabla ya kwenda dukani: yunivaso 9.75/10.6, shingo ya milimita 40 ili iingie kwenye kishikio kilichopo, kila mdomo ujitegemee kwa volti na toni, vyumba viwili sasa, pengine cha tatu baadaye.

Twini ilitosha kwa siku ile. Ina midomo miwili, kila mmoja ukifanya kazi kama LNB kamili. Alichagua kwadi, yenye midomo minne ya aina hiyo, kwa sababu tofauti ya bei ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kumpandisha fundi tena. Ni uamuzi unaoweza kubishaniwa. Kila mdomo usiotumika ni tundu jingine la kuingiza maji ya chumvi, na kwenye nyumba ya pwani hiyo ni hoja nzito. Kwa nyumba ambayo haitaongeza chumba, twini ni bora.

Dukani palikuwa na mtego. Maboksi mawili yanayofanana, moja limeandikwa Quad, jingine Quattro, muuzaji akisema ni kitu kimoja. Si kimoja. Quattro nayo ina midomo minne, lakini kila mmoja umefungiwa fungu moja: wima-chini, mlalo-chini, wima-juu, mlalo-juu. Imetengenezwa kwa majengo yenye kisanduku cha multiswichi katikati, kinachogawia kila chumba fungu kinalolitaka. Ukiiunganisha moja kwa moja kwenye king'amuzi unapata robo ya chaneli, na unaweza kukesha ukitafuta kosa lisilokuwepo. Namna ya kuitambua ni kuangalia midomo: ikiwa na alama kama VL, HL, VH na HH, iache dukani.

LNB ya waya mmoja, ile inayolisha ving'amuzi kadhaa kupitia kebo moja, ilifikiriwa pia kwa kuwa ingeokoa kuvuta waya. Ilikataliwa kwa sababu kila king'amuzi lazima kiwe na uwezo wa mfumo huo na kipangiwe nafasi yake, na kile cha mpangaji hakikuwa na mpangilio huo kwenye menyu.

Kuhusu 0.1 dB (kelele ambayo LNB yenyewe huongeza, ndogo ikiwa bora), ambayo ndiyo namba inayouza LNB kuliko zote: tuchukulie ni ya kweli, ingawa maboksi mengi hayastahili kuaminiwa hapo. Kelele ya 0.1 dB ni sawa na kelvini 7 hivi, ya 0.3 dB ni kelvini 21. Kwenye mfumo mzima, anga ikiwa safi, tofauti hiyo haifiki dB 1. Kutoka dishi la sentimita 80 kwenda 90 unapata dB 1 bila ubishi. Na wakati wa mvua, ambapo ndipo unapohitaji msaada, mvua inayopunguza mawimbi kwa dB 6 yenyewe huingiza kelele ya kelvini 200 hivi, kwa hiyo kelvini 14 za LNB hazionekani. HD na 4K kwenye boksi la LNB hazina maana yoyote. LNB haijui picha ni ya ubora gani.

Aina ya osileta nayo ilijadiliwa. LNB za DRO (osileta isiyojirekebisha) huyumba masafa kwa MHz moja hadi tatu kwa mabadiliko ya joto, na juu ya bati la Tanga mchana joto si la kubembeleza. Zile za PLL (osileta inayojirekebisha) hutulia zaidi. Lakini chaneli zilizotakiwa zote ziko kwenye mibebo mipana (mawimbi yanayobeba chaneli nyingi pamoja), simboli reti (kasi ya kutuma data) 27,500 na kuendelea, na tyuna ya king'amuzi hufuata kuyumba huko bila shida. PLL ingelipiwa ziada kama wangekuwa wanatafuta mibebo midogo ya simboli reti 2,000 au 3,000, ambayo hupotea mchana na kurudi usiku.

Muuzaji alipendekeza pia wahamie bendi ya C, yenye masafa ya chini kuliko Ku, ili waepuke mvua ya masika. Ni kweli bendi hiyo huvumilia mvua, lakini hiyo ni LNB nyingine (L.O. 5,150 MHz), dishi la futi sita, setelaiti nyingine na chaneli nyingine, vifurushi walivyolipia haviko huko. Halafu mitandao ya 5G hutumia masafa ya GHz 3.5, pua kwa pua na bendi ya C.

Ufungaji, na digrii 80 za Tanga

Vijikaratasi vya ndani ya boksi huchora LNB imeinamishwa kidogo, digrii kumi na tano au ishirini. Michoro hiyo ni ya Ulaya. Kwetu karibu na ikweta, setelaiti iliyo mbali magharibi au mashariki inahitaji LNB izungushwe karibu robo duara. Kwa digrii 7 Mashariki kutoka Tanga ni takribani digrii 80, kinyume cha saa ukisimama nyuma ya dishi ukitazama setelaiti. Anayeiacha karibu wima kama mchoro anapata mafungu ya wima na mlalo yakiwa yamegeuzana, na king'amuzi hakipati kitu.

Sasa, ukizungusha digrii 100 upande wa pili, yaani kufuata saa, unapata pembe ileile kwa upande wa mawimbi. Mita haioni tofauti. Fundi wa pili alifanya hivyo kwa sababu waya wa uani ulikuwa unatokea upande wa kushoto. Ubora ukasoma 78 sebuleni na 74 uani, kila chumba kikabadili chaneli bila kumgusa mwenzake.

Matokeo

Kwa miezi ya kiangazi hakuna aliyepiga simu. Masika yalipoanza, mpangaji akaanza kulalamika: usiku chaneli fulani zinapotea, nyingine zinabaki. Mwenye nyumba akaenda kuangalia mchana, kila kitu kizima. Akamwona mpangaji ni msumbufu.

Fundi aliporudi aliomba orodha ya chaneli zilizopotea. Zote zilikuwa za mlalo. Akauliza sebuleni usiku kunakuwaje. Jibu likatoka bila kukusudiwa: mwenye nyumba akienda kulala huzima soketi ya ukutani, asile uniti za LUKU bure.

Hapo kisa kikajifungua. Kwenye LNB nyingi za midomo mingi, mdomo wenye volti kubwa zaidi ndio unaobeba mzigo wa umeme wa LNB nzima. Sebuleni pakiwa pamewashwa, hasa kwenye chaneli ya mlalo, waya mfupi wa mita 18 ulilisha LNB, na waya wa uani ulibeba amri tu bila mzigo. Soketi ikizimwa, mzigo wote wa milliampia 200 hivi unahamia kwenye waya wa uani, na udhaifu wake unajitokeza.

Kupima volti kwenye ncha ya waya bila mzigo kungeonyesha 18 kamili na kudanganya. Alifunga rezista ya omu 100, wati 5, kwenye ncha ya juu ya waya wa uani, king'amuzi kikiwa kwenye chaneli ya mlalo. Mita ikasoma volti 14.7, wakati king'amuzi kilikuwa kinatoa 18.2. LNB ya yunivaso huhesabu 11.5 hadi 14 kuwa wima, na 16 hadi 19 kuwa mlalo. 14.7 iko katikati, na LNB hii iliamua ni wima.

Konekta ilipofunguliwa, ndani palikuwa na kutu ya kijani na tone la maji. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, imezungushiwa tepu ya umeme peke yake, na mdomo wa LNB ulikuwa umeelekea juu kwa digrii kumi. Digrii zilezile 10 ambazo mzunguko wa digrii 80 ungezielekeza chini.

Alichofanya: alizungusha LNB kwa nusu duara ili midomo itazame upande wa kulia na chini kidogo, akakata sentimita 30 za waya mpaka alipokuta shaba inayong'aa, akaweka konekta za kubana kwa koleo, akapaka grisi ya silikoni, akafunika kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe na juu yake tepu ya umeme, akaacha kitanzi cha waya chini ya LNB ili maji yachuruzike hapo badala ya kufuata waya. Midomo miwili isiyotumika ikapata vifuniko vyenye mpira. Kipimo cha mzigo kikapanda hadi volti 17.5. Chaneli za mlalo zikabaki usiku kucha, sebule ikiwa imezimwa.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kuandika mahitaji kabla ya kwenda dukani. Mistari minne ile iliondoa kwenye meza Quattro bila kuijaribu, na kama ingeandikwa mapema ingeondoa hata LNB ya 10.75. Kurudisha LNB ya zamani kabla ya kulegeza bolti nako kungetenganisha kosa la dishi na kosa la kifaa kwa dakika chache.

Kilichoshindwa mwanzoni ni kuliona suala kama la nguvu ya mawimbi, kumbe lilikuwa la amri. Hata splita ya ubora wa juu kabisa, yenye alama ya 5–2,400 MHz, ingezaa ugomvi uleule.

Kosa la fundi wa pili ni la kiwango kingine, na linavutia zaidi kwa sababu mita ilimuunga mkono. Alichagua LNB sahihi, pembe sahihi ya mawimbi, na upande usio sahihi wa mvua. Kwenye miji ambako LNB huinamishwa kidogo, midomo hubaki ikitazama chini na kifuniko cha plastiki kinachoteleza kinatosha kuikinga. Kwa digrii 80, kifuniko hicho kinalala ubavu na hakikingi chochote.

Waya wa uani nao ulichangia. Sumaku ndogo ilinasa kwenye uzi wake wa kati, maana yake ni chuma kilichopakwa shaba. Uzi wa aina hiyo una karibu omu 0.1 kwa kila mita, wa shaba tupu 0.02. Kwa mita 35 ni zaidi ya omu 3 badala ya 0.7. Peke yake isingeangusha chaneli, lakini iliacha akiba ndogo, na kutu ikamaliza iliyobaki. Waya haukubadilishwa, kwa kuwa kipimo cha 17.5 kiliridhisha na gharama ingemwangukia mpangaji. Utabaki kuwa mahali pa kwanza pa kupima chaneli za mlalo zikipotea tena uani, rezista ya omu 100 ikiwa mkononi na soketi ya sebuleni ikiwa imezimwa.